Tuzo ya Jackie Chan na Funzo kwa Vijana Wetu wa Filamu

(Mazungumzo kwa vijana wa makundi ya sanaa na wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti)

 

Mnamo tarehe 9 Agosti 2025, katika mji wa Locarno kusini mwa Uswisi, mzee wa miaka 71 alipanda jukwaani kupokea tuzo. Locarno ni mji mdogo kando ya Ziwa Maggiore, lakini tamasha lake la filamu, lililoanza mwaka wa 1946, ni miongoni mwa makongwe zaidi duniani. Usiku, skrini kubwa husimamishwa katikati ya mji, kwenye uwanja uitwao Piazza Grande, na watu wapatao 8,000 huketi kutazama filamu chini ya anga. Alama ya tamasha hilo ni chui. Usiku huo, chui anayetolewa kwa heshima ya kazi ya maisha alipewa Jackie Chan.

Hapa hakuna asiyemjua. Wengi walimwona kwanza katika kibanda cha video sokoni, wamebanana kwenye benchi, sauti ya msimulizi ikitafsiri kila teke. Watoto walitoka humo wakirushiana mateke njiani hadi nyumbani. Na kila mtoto alijua sheria moja: staa hafi.

Leo tuizungumzie sheria hiyo, kwa sababu kuna vijana ambao bado wanaiamini.

Jackie Chan alizaliwa Hong Kong tarehe 7 Aprili 1954, mwana wa mpishi. Akiwa na umri wa miaka kama saba, wazazi wake walimpeleka katika shule ya bweni ya michezo ya jukwaani ya Kichina, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, kisha wao wakahamia Australia kutafuta kazi. Alikaa hapo miaka kumi. Watoto walijifunza kuimba, kuruka sarakasi, kupigana kwa mikono na kwa silaha. Walifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku, na aliyekosea alichapwa. Viboko hivyo havifai kusifiwa wala kuigwa. Lakini mwili uliokuja kuishangaza dunia ulitengenezwa kwa miaka hiyo kumi, kabla jina lake halijulikani.

Alipotoka shuleni hakuwa staa. Alikuwa mmoja wa vijana wanaolipwa kuanguka. Alikuwamo katika filamu za Bruce Lee za 1972 na 1973 kama mtu wa kupigwa na kutupwa, uso wake hauonekani vizuri. Umaarufu ulimjia mwaka wa 1978, kwa filamu zilizochanganya mapigano na kichekesho.

Heshima ya Locarno iliandamana na filamu zake mbili, Project A ya 1983 na Police Story ya 1985. Zote mbili aliziongoza mwenyewe. Katika ya kwanza anaanguka kutoka mnara wa saa, akipasua vitambaa vya kivuli hadi ardhini. Kabla ya kuanguka huko aliahirisha siku baada ya siku, kwa sababu aliogopa. Vijana, sikieni hilo: aliogopa. Katika ya pili anateleza kwenye nguzo ndefu ndani ya jengo la maduka, nguzo iliyozungushiwa taa. Taa zilikuwa za moto, na mikono yake iliungua.

Lakini ajali iliyokaribia kumuua haikutokea kwenye mnara wala kwenye nguzo. Ilitokea nchini Yugoslavia, alipokuwa akitengeneza filamu ya Armour of God iliyotoka 1986. Alihitajika kuruka kutoka ukutani hadi kwenye mti. Kwa mtu wa ujuzi wake, hilo lilikuwa jambo dogo. Aliruka mara ya kwanza, ikaenda sawa. Akataka kurudia ili iwe bora zaidi. Mara hiyo alianguka, kichwa kikagonga jiwe, fuvu likavunjika, akafanyiwa upasuaji wa haraka. Sikio lake moja halikupata tena kusikia vizuri.

Huyo ni mtu aliyefunzwa miaka kumi, akiwa na wenzake wa kazi kando yake. Sasa mfikirie kijana anayesimama juu ya kiti cha bodaboda inayokwenda kasi, mwenzake akimrekodi kwa simu ili video ipate watazamaji. Yeye amefunzwa siku ngapi? Nani amekagua barabara? Gari la kumpeleka hospitalini liko wapi?

Mwishoni mwa filamu zake nyingi, Jackie Chan huonyesha picha za makosa: miruko iliyoharibika, damu, machela. Ukitazama picha hizo, usimtazame yeye peke yake. Tazama watu wanaomkimbilia. Tangu miaka ya 1970 amekuwa na kikosi chake cha watu wa vitendo vya hatari, ambao hupanga, hupima, hujaribu, na mara nyingi huumia. Majina yao hayajulikani sokoni.

Dunia imeanza kuwakumbuka watu hao. Jackie Chan mwenyewe alipewa Oscar ya heshima mnamo Novemba 2016. Kisha, Aprili 2025, waandaaji wa Oscar walitangaza tuzo mpya ya ubunifu wa vitendo vya hatari, itakayoanza na filamu za mwaka wa 2027. Kazi iliyokuwa ya gizani sasa inahesabiwa kuwa ufundi.

Je, kaunti inahusikaje? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la kumbi za sinema na maonyesho ya video, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hivyo kibanda cha video na karakana ya fundi viko chini ya paa moja. Filamu inahitaji seremala wa kujenga jukwaa, fundi umeme wa kukagua nyaya, mshonaji, mpishi, na mtu wa huduma ya kwanza. Mafunzo ya kazi nyingi kati ya hizo yanapatikana katika vyuo vyetu.

Na anayemwajiri kijana kuigiza ana wajibu. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka wa 2007, inayojulikana kama WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Ukiambiwa uruke, uliza kwanza: nani amejaribu, godoro liko wapi, bima iko wapi? Asiye na jibu hastahili mruko wako. Kukataa si woga. Hata mwenye mnara wa saa aliahirisha.

Staa hafi kwenye skrini tu. Nje ya skrini, huishi hadi miaka 71 kwa mazoezi, kwa wenzake, na kwa bahati ambayo si ya kutegemea. Fanyeni filamu, vijana. Kaunti inawataka mzitengeneze, na inawataka muwe hai siku ya kuzitazama.