Maumivu ya Kifua si ya Kusubiri Kukuche

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Mimi si daktari. Nimekubali kuzungumzia dawa kwa sababu wengi wetu tukibanwa na kifua usiku husema ni kiungulia, tukanywa maziwa na kusubiri kukuche.

Mtu akijikata, chembe sahani zilizomo damuni hukusanyika na kushikamana mahali palipochanika. Kisha nyuzi za faibrini huzifunga kama wavu. Hilo ni jambo jema kwenye jeraha. Likitokea ndani ya mshipa wa moyo, donge huziba njia na msuli wa moyo huanza kufa.

Aspirini haiyeyushi donge hilo. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Huzima kimeng'enya ambacho chembe sahani hukitumia kutengeneza kemikali ya kuitana. Kwa kuwa chembe hizo hazina kiini, haziwezi kuunda kimeng'enya kingine. Hubaki bubu hadi kufa kwao, yapata siku 7 hadi 10. Walimwengu walimeza aspirini tangu 1899, lakini ni mwaka 1971 tu John Vane wa Uingereza alipoanza kuifichua siri hiyo.

Streptokinasi, itokanayo na bakteria, ni dawa ya namna nyingine. Huiamsha plasmini iliyolala damuni mwetu, nayo plasmini huukata ule wavu.

Mwaka 1988 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa ISIS-2 kwa wagonjwa 17,187. Kati ya waliokosa dawa zote mbili, asilimia 13.2 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa katika wiki tano. Kati ya waliozipata zote, asilimia 8. Na aspirini yenyewe ilikuwa kiasi cha nusu kidonge tu kwa siku!

Lakini streptokinasi haichagui donge. Huweza kusababisha damu kuvuja hata ubongoni. Ndiyo maana hutolewa hospitalini. Hali kadhalika, aliyepatwa na kiharusi asipewe aspirini nyumbani: huenda mshipa wake umepasuka, haukuziba, na ni picha ya kichwa tu itakayobainisha.

Waliofika mapema ndio walionufaika zaidi. Basi, ndugu zangu, mwalimu mwenzenu akishikwa na kifua saa nane za usiku, gari litatoka kwa nani, na hospitali yenye dawa hiyo ni ipi? Napendekeza tulijibu swali hilo kabla ya kufunga mkutano huu.