Hesabu Huanzia Uani

Wazazi wengi husema, "Mtoto atafunzwa shuleni." Lakini miaka ya kwanza ikipita bure hairudi tena. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mtoto wa miaka minne hahitaji yote hayo. Mchimbieni mashimo manne uani, mpeni komwe nane, naye azigawe mbili mbili huku akihesabu kwa sauti. Kisha ondoeni moja kwa siri, mmwulize imetoka shimo lipi. Aliye chini ya miaka mitatu msimpe komwe, asije akazimeza.

Usiku mtegeeni kitendawili: "Nyumba yangu haina mlango." Akijibu, "Yai," mwulizeni sababu. Gharama yake ni nusu saa tu. Na mtoto aliyezoea kufikiri nyumbani haogopi ubao wa mwalimu.