Makumbusho ya Sanaa ya Umma: Babati Ianzie Wapi?

Babati haina jumba la umma la sanaa, na tukisubiri fedha za jengo tutasubiri sana. Hoja yangu ni kwamba makumbusho huanza na daftari la vitu pamoja na mtu wa kuvitunza. Jengo hufuata.

Hazina kubwa ya sanaa ya umma iliyo karibu nasi haina hata paa. Ni michoro ya miambani ya Kolo na vilima vyake, kwenye njia ya Kondoa. Watawala wa kikoloni waliitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, mwanaakiolojia Mary Leakey akainakili mwaka 1951, na UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mapango yenye michoro yanazidi 150. Picha nyekundu, za wawindaji, zina twiga, pofu na watu warefu wembamba wenye nywele zilizotengenezwa kwa mitindo ya ajabu. Mkono uliochora mistari ile ulikuwa umefundishwa. Juu ya picha hizo nyekundu zimepakwa nyeupe za wakulima na wafugaji waliofuata. Wenyeji bado hutambikia baadhi ya mapango hayo, wakiomba mvua na afya. Ni makumbusho gani ya mjini yenye watazamaji wanaoihitaji picha namna hiyo?

Lakini jua, maji, nyuki na mikono ya wageni vinaifuta michoro hiyo. Mwanafunzi wa Babati anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuiona, ingawa lami imefika.

Hasara ya kutokuwa na pa kutunzia tumeshaiona. Sam Ntiro, mchoraji wa Kilimanjaro aliyefundisha Makerere, alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilikuwa imeshaingia kwenye Museum of Modern Art, New York. Ni heshima kwake, nami nafurahi kwamba imehifadhiwa. Ila kijana wa Moshi anayetaka kuiona ana kwa ana atafute viza.

Hapa Manyara, sketi za ngozi zilizonakshiwa shanga za Wairaqw, mavazi ya ngozi ya Wabarbaig, na vibuyu vya Wagorowa bado vimo majumbani kwa bibi zetu. Bibi akifariki, kitu huuzwa kwa mpita njia au huliwa na mchwa. Kukosa jengo jipya si kisingizio: Arusha ililigeuza Boma la Wajerumani kuwa makumbusho, na Nairobi Gallery imo katika ofisi ya mkuu wa mkoa ya mwaka 1913.

Naiomba Halmashauri ya Mji itenge chumba kimoja kikavu chenye kufuli, na mtunzaji mmoja mwenye mshahara. Nanyi walimu, anzeni muhula huu: wanafunzi waandike daftarini kila kitu cha namna hiyo, nani alikitengeneza, wapi, na kwa ajili gani, huku kikibaki mikononi mwa mwenyewe mpaka aridhie kukitoa.