Tumkumbuke Kenneth Matiba

(Hotuba iliyotolewa kwa wananchi wa Vanga)



Wapo watakaouliza: mtu wa Murang'a, aliyefariki Nairobi tarehe 15 Aprili 2018, anakumbukwa Vanga kwa lipi? Jibu liko Diani, katika Kwale hii hii yetu. Kampuni yake ilimiliki hoteli za Jadini, Africana Sea Lodge na Safari Beach, zilizowapa ajira watu wa pwani hii.

Marehemu alizaliwa mwaka 1932, akasoma Makerere, akawa Katibu wa Kudumu serikalini, kisha akageukia biashara. Alikuwa na mali, mke na watoto. Mtu wa namna hiyo angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakunyamaza. Mwaka 1988 alijiuzulu uwaziri akipinga udanganyifu wa kura. Mei 1990, yeye na Charles Rubia walidai hadharani mfumo wa vyama vingi. Tarehe 4 Julai, siku tatu kabla ya Saba Saba, wakatiwa kizuizini.

Ndugu zangu, tafakarini neno hilo: kizuizini. Hakushtakiwa, hakusomewa kosa, hakusimama mbele ya hakimu. Mei 1991 alipatwa na kiharusi akiwa humo, na mkewe Bi. Edith akarudishiwa mume mgonjwa.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Mwaka uliofuata Matiba aligombea urais, akawa wa pili kwa kura zaidi ya milioni 1.4. Lakini afya haikurudi. Madeni yakazielemea hoteli zake, na ghasia za Likoni za Agosti 1997 zikaudhoofisha utalii wa pwani nzima. Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia mwaka 2017. Mwaka mmoja baadaye akatutoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tuandike daftarini: haki tuliyo nayo leo ililipiwa kwa mwili wa mtu, kwa biashara yake, na kwa utulivu wa nyumba yake.

Na haki yenyewe ni hii. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 49, yasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama inayofuata. Haikubagua tajiri wa Nairobi na mvuvi wa Vanga. Mwanao akikamatwa, usikimbilie kutafuta hongo. Uliza: ameshtakiwa kwa kosa gani, na atafikishwa mahakamani lini? Anayeogopa kuuliza swali hilo anairudisha Kenya ya mwaka 1990 kwa mikono yake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awape subira jamaa zake, nasi atupe ujasiri wa kuilinda amana aliyotuachia.