Mzazi, Usingoje Mtihani wa Mwisho

Wasikilizaji wetu, mlioko Lexington na Louisville huko Kentucky, mlioko Dallas, Phoenix, Portland kule Maine na kwingineko Marekani, leo maneno yangu ni kwa mzazi mwenye mtoto wa darasa la 11, yule ambaye shuleni wanamwita junia. Amebakiza mwaka mmoja na miezi michache amalize sekondari. Nyumbani pengine hakuna anayeiulizia sana shule yake: asubuhi anapanda basi, jioni anarudi, anapika, anaangalia wadogo zake. Nataka tuiulizie, kwa sababu mwaka huu ndio unaoamua mengi kuhusu chuo, na wengi wetu tuliotoka kule nyumbani Afrika tunakuja kuligundua hilo ukiwa umeshapita.

Si uzembe wa wazazi. Tulikulia katika utaratibu mwingine. Kongo, mtoto anafika mwaka wa mwisho wa sekondari, anafanya Exetat, mtihani wa taifa, matokeo yanatoka, vigelegele vinapigwa au nyumba inanyamaza, halafu ndipo ukoo unakaa na kuuliza: sasa asome wapi? Hata Nyarugusu, kambi ile ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996, watoto wa Kikongo wamesoma kwa mtaala wa Kongo na kuungoja mtihani uleule. Mtanzania hungoja matokeo ya kidato cha sita, Mkenya hungoja KCSE. Kote huko mtihani hutangulia, maombi ya chuo hufuata.

Hapa ni kinyume chake. Mwanafunzi anatuma maombi kati ya Agosti na Januari, darasa la 12 likiwa ndiyo kwanza limeanza. Wanaoyasoma maombi hayo chuoni wanaangalia alama zake tangu darasa la 9, na mwaka kamili wa karibuni walio nao ni huu wa 11. Barua za walimu wa kumpendekeza nazo mara nyingi huandikwa na walimu wa mwaka huu. Hakuna mtihani mmoja mkubwa utakaokuja mwishoni kufuta uzembe wa miaka mitatu. Kufikia Mei, watu wanapovaa majoho na kupiga picha, vyuo vingi vimeshafunga maombi, na mafungu mengi ya fedha yameshagawiwa.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapokata tamaa kabla hata ya kuuliza. Mzazi anaambiwa chuo fulani ni dola 60,000 au 80,000 kwa mwaka. Yeye anafanya kazi ghalani, au kwenye kiwanda cha nyama, anajua mshahara wake. Anamwambia mtoto: mwanangu, hivyo si vya watu kama sisi. Nawasihi msiseme hivyo. Bei ile ni kama bei ya kwanza anayotaja muuza kitenge sokoni; si lazima iwe ndiyo utakayolipa. Tangu mwaka 2011, sheria ya Marekani inakitaka kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu za wanafunzi kiweke kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama halisi. Unaingiza kipato cha nyumba, idadi ya watu, kinakupa makadirio ya kile ambacho familia kama yako italipa. Kuna vyuo binafsi tajiri ambavyo kwa familia ya kipato cha chini hugeuka kuwa rahisi kuliko chuo cha jimbo kilicho jirani. Mwambie mtoto akae na simu yake jioni moja mkijaribu vyuo vitano. Haigharimu kitu.

Mlango mkuu wa fedha ni fomu ya FAFSA, ya kuombea misaada ya serikali kuu. Ni ya bure, na yeyote anayekutoza pesa akupatie fomu yenyewe anakuibia. Kupitia fomu hiyo mtoto anaweza kupata ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395. Mwenye uraia anaruhusiwa, mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Kwa wazazi Waislamu wanaoogopa riba, nasema hivi wazi: kujaza FAFSA si kukopa. Unaweza kupokea ruzuku na kuukataa mkopo.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hili. FAFSA haiangalii kipato cha mwaka mtoto anapoingia chuoni. Inaangalia kipato cha miaka miwili nyuma. Mtoto anayemaliza sekondari mwaka 2027 na kuingia chuoni msimu wa vuli mwaka huohuo, fomu yake itafunguliwa tarehe 1 Oktoba 2026, na itasoma kodi ya mwaka 2025. Yaani kodi ya kipato kilichopatikana kuanzia katikati ya darasa la 10 hadi katikati ya darasa la 11. Kwa hiyo, mzazi, zile karatasi za kodi unazojaziwa na mtu fulani kwenye kiofisi cha pembeni, ukisaini bila kusoma, ndizo zitakazomsemea mwanao. Hakikisha jina lake limo. Hakikisha mjomba wa Ohio hakumweka mtoto huyohuyo kwenye kodi yake. Weka nakala mahali unapopakumbuka. Na kama kazi iliisha au uliumia kazini baada ya mwaka huo, chuo kina mamlaka ya kuangalia upya. Ofisi ya misaada ya fedha ya chuo ndiyo inayoulizwa, kwa barua na vithibitisho.

Halafu kuna majina na tarehe. Tunajua wenyewe jinsi majina yetu yalivyoandikwa kambini: la baba likawekwa mwisho, la ubatizo likarukwa, herufi zikageuzwa, na watu wa nyumba nzima wakapewa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Akaunti ya FAFSA inalinganisha jina na tarehe na kumbukumbu za Social Security. Zikitofautiana, fomu inakwama, na kurekebisha huchukua muda ambao Oktoba huwa haupo. Huu mwaka wa 11 ndio wa kutoa makaratasi yote kwenye ule mfuko wa plastiki mnamoyahifadhi, kadi ya kijani, kadi ya Social Security, rekodi za shule, na kuyalinganisha. Mzazi naye anafungua akaunti yake mwenyewe na kukubali taarifa zake za kodi zichukuliwe. Bila kibali hicho mtoto hapati msaada wa serikali kuu hata senti moja. Mzazi asiye na namba ya Social Security pia anaweza kufungua akaunti.

Na ni nani mzazi? Kwetu swali hili halina maana: shangazi aliyemlea ndiye mama, baba mdogo ni baba. Kwenye FAFSA haliko hivyo. Mzazi ni aliyemzaa au aliyemwasili kisheria. Mtoto ambaye wazazi wote wawili wamefariki huhesabiwa kuwa anajitegemea. Kipato cha shangazi hakiandikwi, na mara nyingi mtoto huyo hupata ruzuku kubwa. Nawasikia mashangazi wakijaza mishahara yao kwa moyo mweupe, wakidhani ndiyo wajibu wao wa malezi, kumbe wanampunguzia mtoto haki yake. Na yule ambaye wazazi wake wako hai lakini wamebaki Uvira, Kongo, au kambini, na yeye alikuja hapa kama mkimbizi? Sheria inaitaja hali ya ukimbizi miongoni mwa sababu zinazoweza kukifanya chuo kimhesabu kuwa anajitegemea. Lakini haiji yenyewe. Lazima aiombe, na lazima awe na mtu wa kuthibitisha hali yake, kama mwalimu, mchungaji, au mhudumu wa shirika lililowapokea. Watu hao wanatafutwa sasa.

Fomu yenyewe ipo kwa Kiingereza na Kihispania. Kwa Kiswahili hakuna. Maana yake mtoto ndiye atakayekuwa mkalimani, kama alivyo mkalimani wako hospitalini, benki na kwa mwenye nyumba. Hapa nataka kuwaambia vijana wenyewe wanaonisikia. Kazi hiyo mnayoifanya ina thamani kwenye maombi ya chuo. Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, ina sehemu ya shughuli zako nje ya darasa, na majukumu ya nyumbani yanaruhusiwa kuandikwa humo. Usiiache wazi kwa sababu hukucheza mpira wa kikapu au hukuwa kwenye klabu ya midahalo. Andika kwamba kwa saa fulani kila wiki unalea wadogo zako wanne, unawatafsiria wazazi, unafanya kazi dukani na mshahara unasaidia kodi ya nyumba. Andika kama ulivyo, bila kujionea haya.

Mitihani ya kuombea chuo, SAT na ACT, ina ada, lakini mwanafunzi wa darasa la 11 anayestahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni anaweza kupata msamaha wa ada ya SAT kupitia mshauri wa shule, na msamaha huo unamfungulia pia kutolipa ada za maombi katika vyuo vingi. Mshauri hawezi kukukumbuka mwenyewe. Chama cha washauri wa shule nchini humu kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi zina wanafunzi wengi kuliko hapo kwa kila mshauri. Anayebisha hodi ndiye anayehudumiwa.

Kwa walioko Kentucky, nitataja chuo kimoja kwa jina, maana nakiheshimu. Berea, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Lexington. Kilianzishwa mwaka 1855 na John Fee, mpinga utumwa, kikawasomesha weusi na weupe pamoja mpaka sheria ya jimbo ya mwaka 1904 ilipokikataza kwa karibu nusu karne. Hakuna mwanafunzi anayelipa ada ya masomo pale. Kila mmoja hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, na kinawatafuta hasa vijana wa familia zenye kipato kidogo. Wapo watoto wetu wanaoishi jirani nacho na hawajawahi kulisikia jina lake.

Tahadhari moja kabla sijawaacha. Chuo kikimkubali mtoto, kitatuma barua ya fedha, na humo mkopo huandikwa pamoja na ruzuku kana kwamba vyote ni zawadi. Vitenganishe kwa kalamu. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi kwa kawaida hauzidi dola 5,500. Kiasi kikubwa zaidi ya hapo mara nyingi ni mkopo wa mzazi, uitwao Parent PLUS, ambao kuanzia tarehe 1 Julai 2026 umewekewa ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka kwa wakopaji wapya. Huo unadaiwa wewe, siyo mtoto. Usiusaini kwa furaha ya siku ile.

Wiki hii, mzazi, piga simu shuleni uombe miadi na mshauri wa mwanao. Omba mkalimani wa Kiswahili. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa, bila malipo, na asiwe mtoto mwenyewe. Nenda na karatasi za kodi, na umuulize swali moja tu la kuanzia: mtoto huyu amebakiza nini?