Ngome ya Lamu: Jirani Wasipopatana, Mlinzi Hutoka Mbali

Mazungumzo na wanavikundi vya kujisaidia, Garsen

 

Tumeombwa tuwaeleze juu ya ziara tuliyofanya kwenye Ngome ya Lamu. Tunajua kuna wanaouliza: hizi shilingi tunazochanga kidogo kidogo, za maembe, za maziwa, za mikeka, zafaa kweli kutumiwa kwenda kuangalia nyumba ya zamani? Swali hilo ni la haki. Hatutalijibu kwa kusema kwamba tulifurahi, ingawa tulifurahi. Tutaeleza tuliyoyaona na tuliyojifunza, halafu nyinyi wenyewe mpime kama faida ipo au haipo.

Njia na ngome yenyewe

Safari si ngumu. Kutoka Garsen unapita Gamba, Witu na Hindi mpaka Mokowe, zaidi kidogo ya kilomita 100, na siku hizi ni lami. Mokowe gari linakoma. Unapanda mashua, unavuka mpaka kisiwani, unashuka gatini. Ukiingia mjini hatua chache tu, unatokea kwenye uwanja uitwao Mkunguni. Wazee wamekaa kivulini wakizungumza, soko liko kando, punda wanapita na mizigo. Ngome iko mbele yako.

Ni jengo kubwa la ghorofa, lenye ua wazi katikati na minara ya mviringo kwenye pembe. Limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti, yaani miti ya mikoko, kama ile inayoota huku kwetu upande wa Kipini. Mwenzetu mmoja ambaye ni fundi wa nyumba alinyoosha mkono kwenye dirisha apime unene wa ukuta. Mkono ukaingia karibu wote. Akatuambia, "Watu hawajengi ukuta kama huu wakiwa na raha."

Neno hilo tulilichukua, tukaanza kuuliza: waliojenga hapa walikuwa wanamwogopa nani?

Waliogombana walikuwa jirani

Wengi wetu tulidhani ngome hujengwa kwa sababu ya wageni. Ile ya Mombasa, Fort Jesus, ni kweli ilijengwa na Wareno, kuanzia mwaka 1593. Lakini ya Lamu ina habari nyingine. Karibu na mwaka 1812, watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa waliungana, wakaja na majahazi kuishambulia Lamu. Hebu fikirini hilo. Lamu na Pate ni visiwa jirani. Lugha ni moja, dini ni moja, wameoana. Waligombania ukubwa na biashara: nani atawale, nani achukue ushuru.

Washambuliaji wakashuka Shela, pale penye mchanga. Watu wa Lamu wakawashinda. Wazee husimulia kwamba maji yalikupwa, majahazi yakakwama, waliokuja hawakuwa na njia ya kurudi. Wengi waliuawa pale ufuoni.

Sasa, Lamu imeshinda, si ndiyo? Lakini mshindi hakupata usingizi. Aliogopa kisasi. Kwa hiyo wakubwa wa Lamu wakatuma ujumbe mbali, kwa Sayyid Said bin Sultan wa Oman, kumwomba awalinde. Naye akakubali. Akaleta liwali wake na askari, na ngome ikajengwa kwa msaada wa Waomani kutoka mwaka 1813 mpaka 1821. Askari, wengi wao Wabaluchi, wakakaa humo.

Tuangalie mwisho wake ulikuwaje. Lamu iliyoomba ulinzi ikawa chini ya mlinzi. Pate nayo baadaye ikaja chini ya mkono huo huo. Na Mombasa, iliyokwenda kupiga wengine, ilichukuliwa mwaka 1837, na utawala wa Wamazrui ukaisha. Kufikia mwaka 1840 Sayyid Said alikuwa ameweka makao yake Unguja, na pwani yote hii ilikuwa inamtazama yeye. Walipigana watatu. Aliyeshinda alipoteza, na walioshindwa walipoteza. Aliyepata ni wa nne, ambaye hata hakuwepo Shela siku ya vita.

Witu nayo ni shahidi

Wakati wa kurudi tulipita Witu. Mara nyingi tunapapita bila kupatazama, tukinunua ndizi dirishani. Lakini habari ya Witu ni mtoto wa habari ile ile. Sultani Ahmed wa ukoo wa Wanabahani wa Pate, yule aliyeitwa Simba, hakutaka kuwa chini ya Unguja. Katika miaka ya 1860 alikuwa amehamia bara, akafanya Witu makao yake. Naye alikuwa na hofu ya adui, naye akatafuta mlinzi wa mbali. Mwaka 1885 Wajerumani, kupitia ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt, wakapata ardhi kwake, na nchi yao ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake.

Ulinzi huo ulidumu miaka mitano tu. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza walikaa Ulaya wakaandikiana mkataba. Ujerumani ikaachia Witu na madai yake juu ya Unguja, ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika bahari ya kule kwao. Watu wa Witu hawakuulizwa. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na mwezi wa Oktoba majeshi ya Uingereza yakaja na kuuchoma mji.

Ndugu zetu, mtu akikulinda kwa sababu zake, atakuacha pia kwa sababu zake.

Nyumba ya hofu, nyumba ya vitabu

Turudi kwenye ngome. Waingereza waliifanya gereza, kuanzia mwaka 1910, na baada ya Uhuru ikaendelea kuwa gereza mpaka mwaka 1984. Halafu ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Sasa ina maonyesho, ina maktaba, na ule ua wa katikati hutumika kwa mikutano na sherehe za watu. Mji wa kale wa Lamu wote uliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Hili lilitupa moyo. Kuta ni zile zile zilizojengwa kwa hofu, lakini ndani leo kuna watoto wanasoma. Kumbe kitu kilichojengwa kwa ubaya si lazima kibaki hivyo. Ila angalieni miaka: kutoka 1821 mpaka 1984 ni miaka 163. Kujenga hofu ni miaka minane, kuitoa ni karne na nusu.

Na sisi wa Tana je?

Sasa tuseme lile ambalo si rahisi kulisema. Sisi hatuna ngome ya mawe. Lakini mwaka 2012 tulijenga ya kwetu. Kila mtu hapa anakumbuka Riketa mwezi wa Agosti, Kilelengwani mwezi wa Septemba, Kipao mwezi wa Desemba. Zaidi ya watu 100 walikufa, kina mama na watoto wakiwemo. Ugomvi ulikuwa wa maji na majani: ng'ombe wapite wapi kufika mtoni, shamba liishie wapi, malka ni ya nani. Na uchaguzi wa 2013 ulikuwa karibu, watu wakapandishwa hasira.

Mwisho wake? Askari wa GSU wakaletwa kutoka mbali. Amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Mvuvi akalala na wavu wake nyumbani, mgonjwa wa usiku akangoja asubuhi, soko likafungwa jua likiwa bado juu. Hatuwalaumu waliokuja, wala walioita msaada. Nyumba ikiungua, huita yeyote mwenye ndoo. Lakini tujiulize kwa nini tulingoja mpaka iungue. Gasa ya Wapokomo ipo. Matadeda ya Waorma wapo. Wazee hawa walijua kupatana juu ya malka kabla babu zetu hawajamwona askari.

Katika Mwanzo sura ya 13 tunasoma kwamba wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana, kwa kuwa nchi haikuwatosha pamoja na mifugo yao. Wenzetu Waislamu wanawajua pia, Nabii Ibrahimu na Nabii Lut. Abramu alikuwa mkubwa, angeweza kuchagua kwanza. Badala yake alimwita mdogo wake, wakasimama pamoja wakaitazama nchi, akamwachia yeye achague. Hakuita mfalme wa mbali aje kuwagawia. Alijua kwamba mwenye kukugawia leo, kesho atachukua fungu lake.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la pesa ni hili. Ziara ya ngome inafaa, lakini kwa sharti moja: msiende peke yenu. Kikundi cha wakulima kiende na kikundi cha wafugaji, gari moja, mashua moja, chakula kimoja. Sisi tulikwenda hivyo. Mwanzo wa safari watu walikaa upande upande. Pale juu ya paa la ngome, baada ya kusikia habari ya Shela, mzee mmoja wa Kiorma na mama mmoja wa Kipokomo walianza kuzungumza juu ya malka moja ambayo imefungwa na shamba. Hawakumaliza. Lakini walianza, na wameahidi kukaa tena na wazee wao kabla ya kiangazi. Hiyo ndiyo faida tunayoweza kuwaonyesha kwa sasa.

Kwa kikundi kinachotaka kwenda

Anzeni akiba ya safari mapema, mbali na mfuko wa mikopo, na mwekahazina aandike kila senti. Ulizeni kiingilio kabla ya kuondoka, na kila mtu abebe kitambulisho, maana wananchi hulipa chini ya wageni. Ulizeni pia hali ya usalama wa barabara. Pangeni kulala usiku mmoja, msifanye haraka. Patanisheni nauli ya mashua kabla ya kupanda. Lamu ni mji wenye heshima zake: tuvae vizuri, na tusipige watu picha bila kuomba. Mchukue mwongozaji anayetambulika, na mteue mtu mmoja wa kuandika. Mkirudi, toeni habari kwa waliobaki, kwa kuwa pesa ni zao pia.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Ni ugomvi gani kijijini kwetu unaokua polepole sasa, ambao bado twaweza kuumaliza wenyewe?

2. Malka zetu ziko wapi? Ni zipi zimefungwa, na nani wakae pamoja kuzifungua?

3. Tukiomba msaada kutoka nje, iwe wa serikali, wa shirika au wa kanisa, tunauliza mapema utatudai nini?

4. Ni jirani gani tutakayemwalika katika safari yetu?

Mungu awabariki, na atupe amani katika mto wetu.