Prosesa ya Kompyuta ya Steshenari

Afunguaye steshenari huvutwa na kompyuta kuukuu ya kazi nzito yenye prosesa ya Xeon E5-2670 ya mwaka 2012: viini 8, bei ya chini. Core i3-12100 ya 2022, yenye viini 4, huonekana duni kando yake. Sivyo. Kuchapa barua na kujaza fomu mtandaoni hutegemea wepesi wa kiini kimoja. I3 hufikia gigahezi 4.3, Xeon 3.3. Xeon hukadiriwa wati 115, i3 wati 60, na mlipaji wa LUKU ajua maana yake. Xeon huishinda i3 kwa RAM inayozidi GB 128, lakini ni steshenari gani ihitajiyo hizo? Tena haitoi picha skrini pasipo kadi ya ziada. Mnunuzi wa i3 naye aitazame herufi F mwishoni: i3-12100F nayo hudai kadi hiyo.